Basuni ya Anselme Vanhoutte

Anselme Vanhoutte hakuwahi kumwamini kondakta yeyote wa muziki, na huyu mpya, Lucien Castaing, ndiye kabisa hakumwamini.

"Mtu asiyependa mazoezi ana lake jambo," alimwambia mkewe Odile, siku Castaing alipoiruhusu okestra nzima ya Lille iende nyumbani kabla hata kahawa ya mapumziko haijachemka.

"Ana njaa, basi. Kula viazi vyako."

Lakini Anselme alikwisha kuona. Yeye alipiga basuni, lile zumari refu la mbao linalosemea puani, na yake ilikuwa ya Kifaransa, ya mti mwekundu. Aliachiwa na baba yake, aliyekuwa akiipiga kwenye bendi ya kiwanda cha nguo mjini Roubaix. Miaka ile ya sabini okestra nyingi zilikuwa zikihamia basuni za Kijerumani, zenye sauti nene na laini, zisizomkera mtu. Hata Régis Delcambre wa kiti cha pili alikuwa amehama. Anselme alibaki peke yake na zumari lake, na kile kiti cha kwanza ndicho kilikuwa maisha yake.

Sasa kila walipofika sehemu ya polepole ya simfonia waliyokuwa wakiiandaa, pale basuni inapoachwa iseme peke yake, Castaing aliinua mkono. "Hapo tunapajua. Mbele!" Kwingine kote alikuwa moto. Aliruka, aliguna, shati likaloa, na siku moja fimbo yake ya kuongozea ilimchomoka ikampata mpiga fidla begani. Wengine huupiga muziki wa Kifaransa kana kwamba wanapanga vikombe vya kaure kabatini, lakini Castaing aliuwasha. Ila pale pa Anselme alipavuka, wiki baada ya wiki.

"Anaionea haya sauti yangu," Anselme aliwaza. Kisha akamfuma koridoni akimnong'oneza Delcambre, wote wawili wakilitazama sanduku la basuni yake. Walipomwona, wakanyamaza. Dalili ya mvua ni mawingu.

"Bwana mdogo, niambie kweli," alimbana Delcambre jioni ile. "Ananitoa?"

Delcambre aliwasha sigara polepole. "Mimi sisemi kitu, mzee. Ila ningekuwa wewe, ningehama mapema. Nina ya Kijerumani ya zamani, imekaa tu. Chukua."

Akaichukua, ila mazoezini aliendelea na ile ya baba yake. Majira yote ya baridi alijifungia nayo katika ghala la makaa chini ya nyumba, kwa kuwa basuni hizo mbili hazishikwi kwa vidole vile vile. Lazima mtu asahau kwanza ndipo ajifunze. Odile alikuja kusimama juu ya ngazi.

"Anselme! Umeficha mwanamke huko?"

"Mwanamke gani mwenye sauti hii?"

"Ndiyo nauliza. Si sauti ya nyumba hii."

Siku ya onyesho, redio walikuja na vinasa sauti vyao. Castaing alipanda jukwaani kama mtu anayekimbilia treni, na tangu mpigo wa kwanza Anselme, pamoja na shuku zake zote, alisisimka mwili mzima. Ikafika sehemu ya polepole. Castaing akaiweka fimbo chini, akashusha mikono, akafumba macho, akitabasamu.

Anselme akapiga, kwa ile ya Kijerumani. Hakukosea hata sauti moja.

Castaing akafumbua macho. Tabasamu lilikuwa limekwisha. Akaiokota fimbo.

Mwisho wa simfonia ulikuwa moto mtupu, watu wakasimama wakigonga sakafu kwa miguu. Pazia liliposhuka, Castaing alipenya katikati ya wapiga fidla, jasho likimtiririka.

"Ile yako iko wapi?"

"Nyumbani, Mwalimu. Nilidhani..."

"Sehemu ile ya basuni yako sikuigusa mazoezini isije ikachakaa. Niliitaka mbichi, leo, na redio ipo." Akajifuta uso. "Huyu Delcambre nilimwomba airudie ya Kifaransa, mkae wawili. Hakukwambia?"

Anselme aligeuka. Delcambre alikuwa ameinama, akiifuta basuni yake kwa bidii ya ajabu. Kikulacho ki nguoni mwako. Anselme alikuwa amemchunga mwenye fimbo, asimchunge jirani wa kiti, na sasa aliona aibu hata kukasirika.

Asubuhi ya Jumapili Odile alilileta lile sanduku jikoni mwenyewe. "Piga. Nimechoka na yule mgeni wako."

Akaiunga ile basuni ya mti mwekundu, akalowesha mdomoni mwanzi wa kupulizia, akaanza sehemu ile ile. Vidole vikaenda kwenye matundu ya Kijerumani. Akaanza upya. Vikaenda huko huko.

Odile aliweka kisu cha vitunguu chini, akasubiri.