Mfumo wangu ulisoma siku ukadhani ni mwezi, mama mmoja wa Mtua akampoteza mtoto

Wakuu, heshima kwenu.

Hili nimelikalia kwa miezi. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea.

Mimi ni mwalimu wa hesabu Ruangwa, kwetu Njombe. Coding nilijifunza mwenyewe.

Kuna zahanati ndogo ya binafsi upande wa Nachingwea. Nesi wake, nimwite Sista Edna, aliniomba mfumo wa kuwakumbusha wajawazito tarehe za kliniki kwa meseji. Kabla ya hapo alikuwa na daftari. Kila asubuhi anapitisha kidole, anawapigia wa kesho yake mmoja mmoja.

Nikamtengenezea. Yeye anaandika tarehe kwenye fomu, database inahifadhi, kila asubuhi query inatafuta wenye kliniki kesho, meseji zinatoka.

Tulijaribu pamoja. Ilikuwa mwisho wa mwezi, kwa hiyo tuliandika tarehe 27, 28. Meseji zikaingia. Sista akafurahi, akaachana na daftari.

Sasa sikieni kosa lilipo.

Sista anaandika kama tunavyoandika wote: siku, mwezi, mwaka. Library niliyotumia, yaani code iliyoandikwa tayari na wengine, inasoma mwezi kwanza, kama Wamarekani. Ikikuta 27 inajua hakuna mwezi wa 27, inageuza yenyewe kimyakimya. Lakini ukiandika 6/9, yaani tarehe sita mwezi wa tisa, inahifadhi tarehe tisa mwezi wa sita.

Haitoi error. Inakisia, inaendelea.

Somoe ni mkulima wa kijiji cha Mtua. Mimba yake ilikuwa kubwa na presha imeanza kupanda, akapangiwa arudi 6/9. Kadi iliandikwa, ila kusoma kwake ni kwa shida. Sista akamwambia mumewe, Bakari, "Msihangaike, simu itawakumbusha."

Wakaenda shambani kufyekea mikorosho, wakisubiri simu.

Kwenye database, tarehe ya Somoe ilikuwa imeshapita tangu mwezi wa sita. Query haikumwona.

Tarehe sita ikapita. Baada ya siku kama kumi kichwa kikaanza kumgonga, macho yakaingia ukungu, akadondoka palepale shambani akitupa mikono na miguu. Kifafa cha mimba. Walimfikisha hospitali kwa shida. Yeye aliokolewa.

Mtoto alitoka amekufa. Wa kiume.

Mimi nilijua kwa bahati tu. Nilimpigia Sista kwa jambo lingine, akaniambia, "Mwalimu, hawa watu wa vijijini wagumu. Meseji wanatumiwa, hawaji. Ona sasa yaliyomkuta huyu Somoe."

Nilifungua laptop staff room, walimu wenzangu wanabishana mpira. Nikamtafuta Somoe. Tarehe ya kurudi: mwezi wa sita, siku ya tisa. Na alikuwa amesajiliwa mwezi wa nane! Mtu gani anapangiwa kurudi kabla hajaja?

Nikatafuta wengine. Wanawake kumi na mmoja.

Hapa ndipo aibu yangu. Nilirekebisha bug haijaisha saa moja, nikampigia Sista, "Wapigie hawa kumi na mmoja leo hii, waje." Hakuuliza sababu, na mimi sikusema. Walikuja wote, wazima.

Wiki mbili nikanyamaza. Naingia darasani, nafundisha, narudi, huku nikijua Somoe anaitwa mzembe kwa kosa langu.

Mwishowe nilienda kwa Sista nikamweleza.

"Nilienda kumwona hospitali, nikamgombeza wodini, Mwalimu," akasema. "Drip bado ipo mkononi."

Tukaenda Mtua wote wawili.

Tulimkuta Bakari, Somoe, na mama yake Somoe, bibi ambaye Kiswahili anakielewa kidogo, zaidi ni Kimwera. Nikaeleza yote, sikujitetea.

Bakari akauliza, "Kwa hiyo meseji haikutumwa?"

"Haikutumwa."

"Basi. Maana ndugu za mke wangu wanasema niliifuta."

Somoe alikuwa anachambua mbaazi kwenye ungo. Hakuinua uso.

Yule bibi akasema kitu kwa Kimwera. Bakari akatafsiri, "Anauliza, hiyo mashine ilipokuwa haijui, kwa nini haikuuliza?"

Kuuliza kuliwezekana. Ni mistari michache ya code, ambayo sikuiandika.

Nilichojifunza ni hiki. Usiiachie library ikisie tarehe. Mtumiaji achague kwenye kalenda, database ihifadhi mwaka-mwezi-siku, na kabla ya kuhifadhi mfumo uandike mwezi kwa maneno na kuuliza, "Tarehe 6 Septemba, ni sahihi?" Ukijaribu, jaribu na tarehe ndogo, zile ambazo siku inaweza kuonekana mwezi. Tarehe 27 itakudanganya.

Na ukigundua kosa lako, sema siku hiyohiyo. Wiki zangu mbili hazina utetezi.

Wenye mifumo ya kliniki, shule, mahakama, ingieni leo mkague tarehe zote ambazo siku haizidi 12. Mkikuta kitu, tuambieni hapa.

Na kama kuna aliyewahi kwenda kuomba msamaha kwenye nyumba kama ile, aniambie alirudije mara ya pili. Mimi mpaka leo sijarudi.