Wimbo wa Magoti

Siku Orbin Caudill alipomtia machoni Ruvena Slone kwa mara ya kwanza, mwanamke huyo alikuwa amekumbatia amplifaya iliyoungua kama mtu aliyebeba mbwa mgonjwa. Aliingia karakanani akamkuta fundi amechuchumaa, mgongo ukutani, kikombe cha kahawa mkononi, na viti viwili vitupu kando yake.

"Kaka, hivi viti unaviuza?"

"Vya wageni," Orbin akasema, akatazama chini.

Hakuwa mtu wa maneno. Shule aliiacha mapema, akatambaa miaka kumi na tisa kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Kentucky mashariki, na mgodi ulipofungwa akajifunza kutengeneza redio. Kuchuchumaa kulibaki mwilini. Wanaume wote wa bonde lile walipumzika hivyo.

Ruvena alipika katika shule ya msingi, na mwisho wa wiki aliimba nyimbo alizotunga mwenyewe, gitaa la umeme likinguruma na fidla ya milimani ikilia chini yake. Miaka minne alimletea Orbin vyombo vyake, na mazungumzo yao hayakuvuka nyaya na swichi. Ndipo akapata nafasi ya kutoa albamu huko Nashville, mji wa wanamuziki. Akaja na nyimbo kumi za majaribio.

"Sikiliza, kaka. Jumamosi nazipiga kwenye ukumbi wa zimamoto, halafu naenda kuzirekodi. Usinionee haya."

Ya tatu ndiyo iliyobeba jina la albamu. *Nimesimama mbele ya makaa kutwa, nimesimama kama baba.*

Orbin akausimamisha wimbo. Katika bonde lile hakuna aliyewahi kusimama mgodini. Tabaka la makaa lilikuwa na kimo cha meza ya kulia. Watu walichimba kwa magoti, wakala wamelala ubavu. Jumamosi ukumbi ungejaa magoti mabovu. Mtoto wa mwenye duka aliwahi kuimba upuuzi wa namna hiyo, wakamwita Mchimbaji wa Sebuleni hadi akahama. Wangemwita Ruvena nani?

Kunyamaza kulikuwa rahisi. Akageuza bisibisi mkononi mara tatu. Kisha akasukuma makorokoro pembeni, akaingia chini ya meza ya kazi.

"Njoo."

"Kuna nini huko, panya?"

"Njoo tu."

Ruvena akaingia, akicheka.

"Sasa simama," Orbin akasema.

Kichwa kikagonga ubao. Kicheko kikakatika.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa?"

"Kwa muda wa saa tisa, kila siku."

"Baba hakuniambia."

"Hatukuwa tukisema."

Ruvena akajisugua utosi. "Mtayarishaji wa albamu anataka niseme 'mimi'. Kwenye jalada anataka nipigwe picha nimejipaka masizi. Anasema watu wananunua mtu halisi."

Orbin akayasugua magoti yake. "Magoti ya baba yako, nani alikuwa akiyaosha?"

"Mimi. Mama alikuwa zamu ya jioni. Nilikuwa nachota maji ya moto, natia chumvi, nakaa naye jikoni. Yalikuwa magumu kama kwato."

"Basi. Mgodini hukuwepo. Jikoni ulikuwepo."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa. Akatoka chini ya meza akajifanya anatafuta waya.

Jumamosi, baada ya maharage na mkate wa mahindi, Ruvena aliuimba wimbo ule kwa maneno mapya: beseni, maji ya chumvi, na msichana wa miaka kumi anayeogopa kubonyeza panapouma. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mzee Denzil Fugate, aliyechimba na baba yake, akauliza akiwa amechuchumaa ukutani:

"Goti lipi lilikuwa likijaa maji?"

"La kushoto," Ruvena akajibu bila kufikiri.

"La kushoto," mzee akawaambia wenzake. "Nilitambaa nyuma yake miaka sita. Endelea, binti."

Huko Nashville mtayarishaji alinung'unika kwamba albamu imekuwa ya jikoni, haitafika mbali. Ruvena hakukubali masizi. Jaladani kukawa na beseni la bati, basi. Haikufika mbali kweli, lakini bondeni hakuna gari lililokosa nakala.

Novemba alikwenda kuimba katika miji ya kusini. Hakurudi; gari lake na wapigaji wenzake liliteleza kwenye barafu ng'ambo ya mpaka wa Tennessee. Orbin alizisikia habari kwenye redio aliyokuwa akiitengeneza. Akaizima, na hadi leo mwenye redio hajaja kuichukua.

Asubuhi ya safari Ruvena alikuwa amepita karakanani kuchukua amplifaya. Viti vyote viwili vilikuwa vitupu. Akavipita, akachuchumaa ukutani kando ya Orbin, kikombe chake mkononi, wakanywa kahawa. Hakumaliza hata nusu. Uso ukamkunjamana, akanyoosha mkono.

"Niinue, kaka Orbin. Magoti yangu mimi ni ya jikoni."