Pini Zilizocheza Gotini

Goti la Mama Pindo liligoma kama punda aliyefika mtoni. Mguu huohuo wa kulia ndio uliokanyaga cherehani tangu usichana wake, na sasa kila ukigusa pedali, maumivu ni kisu. Mezani gauni la harusi la kitindamimba wake lilikuwa bado vipande vipande. Binti alipendekeza wafunge mota. Mama akasema mota hukimbia kama mwizi, haijui kona. Basi, binti akasema kwa upole, goti likikataa atakodi gauni. Mama Pindo hakulala vizuri. Mtoto wa fundi aolewe na nguo iliyokwisha kuolewa na wengine?

Wifi yake, muuguzi mwenye ulimi, akamletea vifaa viwili vya kuazima, vya kutuliza maumivu ya viungo kwa mapigo ya sumaku. Kwanza alimuuliza kama ana kifaa chochote moyoni, maana sumaku hukivuruga. Mama Pindo akajibu ana marehemu mumewe tu.

Kimoja kilikuwa mkanda mweupe wenye taa za buluu na sauti ya kike ya kukaribisha. Cha pili kitanzi cha waya kilichovishwa kitambaa kikuukuu, kimeunganishwa na kisanduku cha betri. Wifi akaagiza vishike zamu, leo huyu, kesho yule, kama wake wenza.

Siku ya kitanzi, Mama Pindo alikaa, mguu juu ya kigoda, kitanzi gotini, akasahau jambo ambalo fundi pekee husahau: nguo yake mapajani imejaa pini za kushonea. Akawasha. Pini zikatetemeka, zikasimama wima, zikalala, zikasimama tena, kwa mapigo, kama waumini. Mama Pindo akaacha mdomo wazi. Amezichoma pini maisha yake yote, hajapata kuziona zikiinuka zenyewe. Kitu kilikuwa kinapita kwenye nyama yake, hakionekani, hakisikiki, na chuma kinakitii.

Mkanda wa taa haukuinua hata pini moja. Akauita bibi harusi asiyejua kupika.

Wifi akacheka. Kuchezesha pini, alisema, si kuponya goti, na huenda mapigo ya bibi harusi huyu ni laini tu. Zamu zikaendelea.

Hata asubuhi moja Mama Pindo akaweka mguu kwenye pedali, akafumba macho akisubiri kisu. Kisu hakikuja. Gurudumu likazunguka, sindano ikashuka, mshono wa kwanza wa gauni ukanyooka.

“Ni yupi kati yao aliyeniponya, wifi?”

“Sijui. Pengine hakuna. Lini mara ya mwisho ulikaa kitako mchana, mguu juu?”

Mama Pindo akafikiri, hakukumbuka. Akautazama mguu wake kwa mshangao uleule aliozitazamia pini. Kisha akakanyaga tena, polepole, kitambaa cheupe kikapita chini ya sindano. Jioni akaketi, mguu kigodani, akamwaga pini mapajani kwa makusudi, akawasha kitanzi.