Abla Insafu Awaoza Sodiamu na Klorini

Saa mbili kasoro asubuhi, katika shule ya sekondari ya wasichana mjini Mahalla, Sodiamu anakuja kuposa.

"Hodi wenyewe!" Abla Insafu, mwalimu wa kemia, anagonga meza; abla ndivyo wasichana wanavyowaita walimu wa kike. "Mkononi ana elektroni moja tu. Bi harusi Klorini anazo saba. Mnampokea?"

"Fleti anayo, abla?" anadakia Sabah kutoka nyuma. "Au atampeleka kwa mama yake?"

"Atampeleka kwenye chumvi, mwanangu. Wataishi humo."

Darasa linaangua kicheko. Ubaoni, elektroni imeshahama.

Leo wamekuja wasichana thelathini na wanane. Darasa la jirani wako sita tu. Mtihani wa mwisho unakaribia, na wenye uwezo wanashinda kwenye vituo vya masomo ya kulipia. Baba yake Sabah anaendesha bajaji. Sabah kituo hana, ana Abla Insafu.

"Kemia nilikuwa naiogopa kama mbwa," anasema Sabah. "Sikufungua mdomo mwaka mzima. Siku aliponifanya mama wa bi harusi, nikaropoka. Mpaka leo sinyamazi."

Mwezi uliopita mkaguzi alilalamikia makelele. Aliporudi wiki iliyopita, Abla Insafu aliwaonya wanafunzi wasicheke, akafundisha kitabu kama kilivyo. Mkaguzi akauliza swali. Sabah alilijua jibu, lakini kicheko kilimbana, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Hakuna aliyejibu.

Mkaguzi akasema darasa limelala.

"Wakicheka kosa, wakinyamaza kosa," anasema Abla Insafu. "Sasa wafanyeje, wapige chafya?"

Kuanzia Jumapili, wiki ya shule inapoanza, ameondolewa darasa hili, anapelekwa kidato cha kwanza. Wasichana hawakuulizwa. Wangeulizwa na nani? Wanaoamua mambo haya, watoto wao wanafuatwa na walimu hadi sebuleni.

Lakini yeye ameshaamua: saa ya mapumziko atafundisha kwenye ngazi za uani, bure.

"Insafu, usinitie matatani," anamwambia mkuu wa shule, Abla Fauqiya.

"Darasani wamenikataza, dada yangu. Ngazi hawakuzitaja."

"Tutaenea, abla?" anauliza Sabah.

"Mtabanana. Jumapili anaposa Magnesiamu. Huyo ana elektroni mbili na anataka wake wawili kwa mpigo. Wahini mapema, kutakuwa na ugomvi."