Nilimchafua Muuza Marashi kwa Sindano Chafu

Nimekosa. Nasema mapema, nisije nikapata njia ya kujitetea kabla sijafika mwisho. Nilimharibia mzee wa watu jina lake, nikajua kwamba nimemharibia, nikanyamaza. Jina langu sitaandika. Mkiniona mwoga mko sawa, hata mimi najiona hivyo.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule moja ya sekondari hapa Kasongo, mashariki ya Kongo. Mzee nitamwita Ramazani, kwa sababu hapa kwetu akina Ramazani ni wengi na jina hilo halitamfichua. Alikuwa na kibanda cha marashi karibu na soko. Aliuza marashi ya mafuta, yasiyo na pombe hata tone, na ndiyo maana watu wa msikitini walinunua kwake tu.

Na ndiye aliyekuwa akitoa marashi ya sanda. Mtu akifa mtaani kwetu, kabla ya kuuliza nani atachimba kaburi, mtu anatumwa kwa Mzee Ramazani. Anakuja na kichupa chake mfukoni, anakaa na wafiwa, hadai kitu. Mama yangu mzazi alizikwa akinukia marashi ya mzee huyo. Nilikuwepo. Nilimshika mkono nikamshukuru. Halafu ona nilichomfanyia!

Mwaka huo shule yetu ililetewa mashine inaitwa kromatografu ya gesi. Jina ni refu lakini chenyewe ni kidogo, kinaingia kwenye begi la mgongoni. Kazi yake ni kutenganisha vitu vilivyochanganyika. Unavuta kitone, au hewa yenye harufu ya kitu, kwa sindano nyembamba. Unachoma kwenye tundu lenye moto. Ule mvuke unasukumwa ndani ya bomba jembamba lililojikunja, na kila kitu kinatokea upande wa pili kwa dakika yake. Kwenye kompyuta unaona mstari umelala. Kitu kikitoka, mstari unapanda na kushuka, unachora kilima. Pombe ina dakika yake, asetoni, ile dawa ya kusafishia vyombo, ina yake.

Tulifundishwa siku mbili. Weka mashine kwenye meza isiyotikisika. Fungua madirisha. Asikaribie mtu mwenye sigara wala jiko. Ngoja ipate joto mpaka taa iwe ya kijani. Usiguse tundu, linaunguza. Na kila unapotoka kwenye kitu kimoja kwenda kingine, osha sindano, kisha pitisha tupu, yaani ingiza hewa ya kawaida uone mstari umelala, ndipo uendelee. "Tupu kwanza!" Yule bwana aliyetufundisha alisema mara nyingi hadi sisi walimu wazima tukawa tunacheka. Nilicheka sana siku ile, wallahi.

Prefe wetu, mkuu wa shule, alitaka wazazi waione mashine. Akaita mkutano Jumamosi. Labo, yaani maabara yetu, ilijaa, wengine wakasimama nje wakichungulia madirishani. Umeme wetu ni wa pano za jua na siku hiyo mawingu yalikuwa mazito, kwa hiyo nilikuwa nabanwa na betri. Nilianza na pombe safi ya dawa, ili wazazi waone kilima chake. Kilipanda kizuri, watu wakapiga makofi. Jamani, makofi yanalewesha!

Mfanyabiashara mmoja aliyekaa mbele akatoa kichupa mfukoni.

"Mwalimu, hii nilinunua kwa Mzee Ramazani. Anasemaka haina pombe. Mashini yako iko na akili, tuangalie!"

Watu wakacheka. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa nyuma, kofia yake nyeupe magotini. Akacheka pia.

"Pima, mwalimu," akasema. "Mimi siko na woga. Pima, watu waone."

Betri ilikuwa inaisha. Prefe ananikonyeza niharakishe. Na mimi, na ujuzi wangu wote, nilichukua sindano ileile iliyotoka kwenye pombe, sikuiosha, sikupitisha tupu, nikavuta hewa iliyo juu ya mafuta ya mzee na kuichoma kwenye tundu. Kwa haraka yangu nikagusa tundu, likaniunguza kidole cha shahada. Nikakitia mdomoni, watu wakacheka tena. Dakika zikapita.

Kilima kikapanda. Pale pale penye dakika ya pombe.

Ningeweza kusema, "Ngojeni, nirudie." Maneno mawili tu! Lakini macho yote yalikuwa kwangu. Nikanyoosha kile kidole kilichoungua kwenye kompyuta, nikatamka kwa sauti ya mwalimu: "Iko pombe ndani."

Niligeuka, nikamwona Mzee Ramazani anavaa kofia yake taratibu. Hakubisha, wala hakunitukana. Alitazama ule mstari kama mtu anayesoma barua ya msiba.

Mambo yalikwenda mbio baada ya hapo. Jioni hiyohiyo watu walianza kurudisha vichupa, wengine wanaviacha mlangoni bila salamu. Mama mmoja aliyezika mtoto wake mwezi uliopita alikaa chini mbele ya kibanda akalia, "Mulimupaka mutoto wangu pombe! Ataenda vipi mbele ya Mungu?" Imamu alijitahidi kuwatuliza, akasema mambo haya yana wasomi wake, tusubiri. Nani anasubiri? Kulipotokea msiba mwingine, hawakutuma mtu kwa Mzee Ramazani. Walituma kwingine.

Na mimi nilikuwa shujaa! Watu wananisimamisha sokoni: "Ee mwalimu wa mashini!" Niliipenda ile salamu. Naandika hivi nikiona aibu, lakini niliipenda.

Jumatatu nikaingia darasani kufundisha jinsi ya kutumia mashine. Nilikuwa naandika ubaoni taratibu zake moja moja. Nilipofika "osha sindano, pitisha tupu", chaki ikanisimamia mkononi. Nikawaachia wanafunzi zoezi, nikarudi labo, nikafanya kama nilivyofanya Jumamosi. Kwanza pombe. Kisha, bila kuosha, hewa tupu.

Kilima kikapanda. Dakika ileile.

Nikaosha sindano kwa asetoni mara tano, nikaikausha, nikapitisha tupu mpaka mstari ukalala. Nikachukua kile kichupa cha mfanyabiashara, kilichokuwa bado mezani. Penye dakika ya pombe mstari haukuinuka hata kidogo. Hapakuwa na pombe! Pombe ilikuwa yangu mimi, ndani ya sindano yangu.

Nilikaa sakafuni. Niliwaza nikimbie kwa Prefe, nikimbie kwa Imamu, nikimbie kibandani kwa mzee. Halafu nikawaza watakavyocheka. Nikawaza ile salamu ya sokoni itakavyogeuka. Nikajiambia ngoja mambo yapoe kwanza. Nikafuta ule mchoro kwenye kompyuta. Nimerudia kuufikiria uovu wangu wote, na naona hapo ndipo ulipoanza, siyo Jumamosi.

Siku mbili baadaye, baada ya sala ya alasiri, mzee alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa na kichupa kipya kilichozibwa kwa nta.

"Mwalimu," alisema, "miye sikuje kugombana. Naomba kitu kimoja. Pima tena, mbele ya watu walewale. Kama iko pombe, basi walinidanganya kule ninakonunuaka, nitaomba watu musamaha. Kama hakuna, watajua."

Mtu ameniletea mlango wa kutokea, ameufungua mwenyewe. Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Papa, mashini imeharibika."

"Aah. Itapona lini?"

"Tunangojea kipuri."

Akaitikia kwa kichwa. Akaniachia kichupa. "Basi hii ikae kwako. Siku itapona, utapima." Akaniombea dua kwa kidole changu kilichoungua, akaondoka.

Mashine ilikuwa nzima! Nilikuwa nimeihamishia kwangu, ilikuwa kwenye begi lake, chini ya kitanda nilichokuwa nimekalia.

Mwisho wa mwezi Mzee Ramazani alifunga kibanda akahamia Wamaza kwa binti yake, Asha, ambaye analima kule na kuuza chumvi na sabuni. Nikashusha pumzi. Nilidhani imekwisha.

Haikuisha. Vijana wa pikipiki wanaotoka Wamaza walianza kunitafuta shuleni. "Mwalimu, Mzee Ramazani anakusalimia. Anauliza, mashini imepona?" Najibu bado. Baada ya juma, pikipiki nyingine. "Mzee anauliza, imepona?" Bado. Msimu mzima wa mvua, watu wanasukuma pikipiki kwenye tope mpaka kiunoni, na katikati ya mizigo yao wamebeba swali la mzee. Nikisali, nikiinua kidole cha shahada, naona lile kovu. Mara ngapi kwa siku? Hesabuni wenyewe sala tano.

Kisha salamu zikakoma. Juma la kwanza nilifurahi. La pili nilishindwa kula. La tatu akaja dereva mmoja akasema mzee anaumwa, haamki.

Hapo ndipo nilipopata miguu, mjinga mimi! Alfajiri nilifunga mashine mgongoni, kompyuta, betri, kile kichupa chenye nta, nikapanda pikipiki. Kutwa nzima barabarani. Tulianguka mara mbili, na mara zote mbili nilianguka kifudifudi ili mashine isiumie. Njia nzima nilikuwa naomba: Mungu wangu, mbakize mpaka jioni tu.

Tulifika jua likiwa linashuka. Niliona mikeka uani na watu wamekaa kimya. Hakuna aliyehitaji kunieleza. Walikuwa wamemzika jana yake.

Asha alinijua kwa begi.

"Mwalimu. Mashini imepona?"

Nikauliza kama walimzika vizuri. Swali gani hilo!

"Tulimuosha na maji tu," akasema. "Marashi iko pale ndani, sanduku nzima. Mwenyewe alikatala. Alisema, musinitie mpaka mwalimu apime. Asiseme mutu tena ati Ramazani alizika mutu na pombe, hata kama huyo mutu ni yeye mwenyewe."

Mtu aliyewatia marashi maiti wote wa mtaa wetu, mama yangu akiwemo, amelala kaburini bila marashi. Kwa ajili ya sindano yangu!

Nililia mpaka wanaume wakanishika mabega. Asha hakulia. Alisema, "Umebeba kutoka Kasongo. Pima."

Nikaiweka kwenye meza pale uani. Niliomba jiko la chai lihamishwe mbali. Nilingoja taa ya kijani. Niliosha sindano, nikaosha, nikaosha. Nikapitisha tupu, mstari ukalala. Nikavunja nta, nikavuta hewa ya kichupa, nikachoma. Wafiwa wote walisimama kunizunguka. Dakika ya pombe ikafika, ikapita. Mstari haukutikisika.

Asha aliinama karibu na kompyuta. "Ni hii tu?"

"Ni hii tu."

"Huu mustari ndio baba alikuwa anangojea?"

Nikamwambia yote. Nikamwambia nilijua tangu Jumatatu, na kwamba mashine haikuharibika hata siku moja. Mbele ya watu wote. Nilitaka anipige. Akaingia ndani, akatoka na sahani ya bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, akaiweka mbele yangu.

"Kula, mwalimu. Umetoka mbali. Kesho urudi, na Ijumaa useme musikitini. Wale watu ulisemea, uwaambie walewale."

Niliapa. Nilikula chakula chake nikaapa.

Ijumaa tatu zimepita. Ya kwanza nilikaa safu ya mbele, sala ikaisha, nikasimama, nikajifanya natafuta viatu. Ya pili nilisali nyumbani. Ya tatu sitaki kuisema. Labo siingii tena; mashine nimemwachia mwenzangu, nikamwambia macho yangu yamechoka. Wanafunzi wanauliza kwa nini mwalimu hacheki siku hizi.

Ninyi walimu mnaoletewa mashine kama hizi, nawasihi! Osheni sindano. Pitisheni tupu hata kama betri inakufa, hata kama bwana mkubwa anawakonyeza. Bora mkutano uvunjike. Na mkikosea, semeni siku hiyohiyo, maana siku ya kwanza kosa lilikuwa dogo, ningelimaliza kwa maneno mawili. Leo nimeandika kurasa zote hizi na bado sijalisema.

Asha hajachoka. Swali ndilo limebadilika. Vijana wa pikipiki wanakuja wananiambia, "Mwalimu, Asha wa Wamaza anauliza, umesema?"

Leo ni Alhamisi. Asubuhi pikipiki imeingia uwanja wa shule, imejaa tope. Nimeiona kutoka dirishani. Nimejificha nyuma ya mlango mpaka ikaondoka.