Mshonaji Aliyevuka Barabara Kuokoa Mtaa Wake

Wiki iliyopita Kamalondo ilimzika mmoja wa washonaji wake, mama mjane aliyejaliwa kuona vitukuu, na nakiri kwenu, wasomaji wangu, kwamba naandika habari zake nikiwa na fahari kuliko machozi. Nilimfahamu tangu nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Lubumbashi, nikapanga chumba uani kwake. Alishona magauni ya harusi barazani, cherehani ikitazama barabara, na hakuna aliyepita pale bila kukaguliwa kuanzia kola hadi viatu. Koti langu la kwanza la kazi alilishona yeye; alinikatalia rangi niliyoitaka, akisema nitafanana na mlinzi wa benki. Hatuna budi kuwasifu marehemu kwa upole, lakini wanaomsifu huyu kwa upole hawakuwahi kukaa naye parseli moja, yaani ua mmoja.

Ng'ambo ya barabara, katika nyumba ya pembeni, aliishi fundi wa vitanda, mzee wa familia ya Kiislamu ambayo mababu zake walitoka Maniema. Mzee yule aliinua ua wake kwa kifusi, na tangu hapo kila mvua ikinyesha maji yote yaliteremka kwa mama. Wakagombana, kisha wakanyamaziana miaka na miaka. Mama alikuwa akimsalimia mke wa mzee kwa sauti kubwa huku mzee mwenyewe amesimama palepale. Sisi wapangaji tulicheka, tukazoea, tukaona ni sehemu ya mtaa kama matofali yake mekundu.

Ndipo akaja mwekezaji. Alitaka safu nzima ya nyumba zile za zamani, azibomoe, asimamishe maduka ya ghorofa na uwanja wa kuegesha magari. Hakumlazimisha mtu. Alijua tu kwamba nyumba za Kamalondo hurithiwa na ndugu wengi, mmoja Kolwezi, mwingine Ulaya, na kwamba ndugu waliotawanyika huchoka haraka. Basi alimwendea kila mmoja peke yake, na kila mmoja akadhani jirani yake ameshakubali. Familia zikaanza kufunga mizigo. Ikabaki nyumba ya pembeni, ambayo bila hiyo malori yasingepata njia ya kuingia, na wana wa mzee walikuwa wakimhimiza auze.

Jumapili moja baada ya misa, mama alivuka barabara. Nilikuwa nimekuja kumtembelea, naye akaniacha barazani. Mtaa mzima ulisimama kutazama. Mzee alikuwa mlangoni, akipiga randa mguu wa kitanda, hakuinua kichwa. Mama akasema akiwa amesimama, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, kwamba si ugomvi wa maji uliomleta, bali kwao pa wana wa mzee:

"Baba, leo haiko mayi njo ilinileta. Ukiuzisha hii nyumba, bana yako bataonyesha wapi na kusema, kwetu njo pale?"

Mzee aliweka randa chini. Nilidhani atamfukuza. Kisha akamsogezea kigoda.

"Ikala kwanza, mama. Mayi tutaongea nyuma."

Kuanzia siku hiyo walikwenda pamoja nyumba kwa nyumba, yeye na kitambaa chake cha kichwa, mzee na kofia yake. Hawakumkataza mtu kuuza. Waliomba jambo moja: asiuze kabla ya kuwaambia majirani. Kumbe hilo lilitosha, kwa maana watu walipoulizana waligundua kwamba karibu wote walikuwa wanaondoka kwa kuogopa kubaki peke yao. Waliofunga mizigo wakaifungua. Na mzee, bila kuambiwa, akaanza kuchimba mfereji mbele ya ua wake. Kabla mvua hazijaanza, vijana na wazee walikuwa wameufikisha mwisho wa barabara.

Komini, ofisi ya serikali ya mtaa, ilipowaita pamoja na mwekezaji, ukumbi ulijaa. Mwekezaji aliwauliza, bila ubaya, kama wanataka mji ubaki vile ulivyoachwa na wakoloni. Mama akainuka. "Jenga, patron," alisema. "Lakini jenga kwenye hakuna muntu anaikala." Akamtajia bohari tupu iliyokuwa karibu, ambayo paa lake lilikuwa limekwisha kuanguka. Mwekezaji aliomba kwenda kuiona, na mwishowe ikaamuliwa ajenge huko. Leo ghorofa yake imesimama pale, inawaka taa, na washonaji wa mtaa wamepanga maduka ya chini. Nyumba za matofali nazo zimesimama, zimepakwa rangi, na kwenye baraza zake bado watu wanakaguana viatu. Siku ya uamuzi ule mama alicheza barabarani hadi kiatu kikavunjika kisigino, na aliyemshika mkono asianguke alikuwa mzee wa vitanda.

Mimi ni mtoto wa Kambove. Kazi ya mgodi ilipopungua kwetu, hakuna aliyekuja kutubomolea. Watu waliondoka mmoja mmoja, wakiaga nusunusu, na siku moja mama yangu akagundua hana wa kumwomba moto. Nyumba zilianguka baadaye, zenyewe. Kwa hiyo ninaposikia mjadala wa maghorofa na mji wa zamani, siwaogopi sana wenye mashine. Mji wetu unakua, na ni haki yake kukua. Ninachoogopa ni barabara ambayo watu wake hawasalimiani tena, kwa sababu hiyo hununuliwa kwa urahisi, mlango baada ya mlango.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Hilo tunaimbiwa tangu utotoni. Mshonaji wetu alitufundisha sehemu iliyo ngumu zaidi, kwamba kidole cha pili mara nyingi ni cha yule uliyemnunia. Anayeupenda mtaa wake na aanzie kwake huyo, aende mchana kweupe, watu wote wakitazama.