Niliandika jina lake kwenye kadi isiyo yake

Ti, ti, ti, ti. Huo ni mlio wa vitufe vya ATM. Mwezi wa tatu huu nausikia nikisahihisha madaftari, nikioga, hata nikisali. Admin, naomba ufiche jina langu. Majina mengine nimeyabadilisha.

Nina miaka ishirini na sita, nina shahada, nafundisha sekondari upande wa Makere, wilayani Kasulu. Nilipangiwa kazi huku miaka miwili iliyopita, 2013, nikitokea mkoa mwingine. Benki ziko mjini, kwa hiyo shuleni niliukuta utaratibu: mishahara ikitoka, mwalimu mmoja anakusanya kadi za wenzake na kwenda kuwatolea wote. Kadi zinafanana na hazina majina, hivyo kila mtu hubandika kipande cha plasta juu yake na kuandika jina lake. Namba za siri zote zinakaa kwenye karatasi moja. Najua mnashangaa. Mimi msomi nilishangaa wiki moja tu, kisha nikazoea.

Mwezi ule zamu ilikuwa yangu. "Benki yetu hiyo inaondoka!" wakanitania. "Madam, usije ukavuka nazo Burundi!" Mama Neema alinipa kadi yake mwisho. Huyu ndiye mwalimu mwenzangu aliyenipokea nilipofika, nikalala kwake wiki tatu, na mumewe, Baba Neema, akanitengenezea kitanda ninacholalia mpaka leo.

Kwenye ATM foleni ilikuwa ndefu. Nina tabia ya darasani: nikisoma namba, naitamka. Nikawa naangalia karatasi, natamka, nabonyeza. Nyuma yangu kulikuwa na kaka mmoja nadhifu, ameshika faili. Alikuwa amenisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," nikamwona mtu wa hapahapa. Ilipofika zamu ya kadi ya Mama Neema, fedha zikatoka, nikawa nazipanga kwenye mkoba. Akaniambia, "Madam, wahi kadi, itamezwa hiyo!" Kabla sijainua kichwa alikuwa ameshaichomoa. Akaifuta kwenye shati lake, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikamwambia asante sana.

Nilipofika nyumbani nikazipanga kadi ili nizigawe. Ya Mama Neema haikuwa na plasta.

Hapo ndipo ilipo aibu yangu. Nilijiambia plasta imebanduka yule kaka alipoifuta kadi. Lakini kama niliamini hivyo, kwa nini nilikwenda kufunga mlango? Ningeweza kukimbia kwa Mama Neema dakika ile, akapiga simu benki, wakaifunga akaunti. Nikafikiria watakavyosema: huyu wa chuo kikuu naye ameibiwa kama mshamba. Nikakata plasta mpya. Nikaandika jina lake, tena nikajitahidi kuiga mwandiko wake, herufi zake zinazolala kulia. Nikampelekea kadi na fedha alizoagiza. Akanipa ndizi mbivu za kunishukuru.

Mwezi uliofuata alikwenda benki mwenyewe. Wakamwambia kadi ile si yake, na akiba yake yote ya kuezekea nyumba ilishatolewa kwenye ATM ya Kibondo, siku chache tu baada ya safari yangu.

Siku zile Baba Neema alikuwa Kibondo.

Kesho yake Mama Neema alimwita mumewe shuleni, akamuuliza mbele yetu sote katika ofisi ya walimu. "Ulikuwa Kibondo au hukuwa?"

"Nilikuwa. Nilipita kwenda Mabamba kufuata maharage. Si wewe uliyenifungia chakula cha njiani?"

"Na hii plasta? Mwizi wa mjini anaujua mwandiko wangu? Kadi ilirudi salama, ikakaa chumbani; huyu ni mtu anayelala kwangu!"

Baba Neema aliitazama ile kadi muda mrefu, kisha akatutazama mmoja mmoja, kama mtu anayeomba hata mmoja aseme neno. Macho yake yalipofika kwangu, niliinama nikafunga kamba za kiatu. Kiatu changu hakikuwa na kamba.

Baba Neema akahamia kwa kaka yake, kijiji cha Heru Juu. Siku ya gulio nilisikia vijana wa bodaboda wakimwita, "Meneja! Leo benki mnafungua saa ngapi?" Aliponiona akanisalimia vizuri, akaniuliza kitanda bado ni imara. Mama Neema akaacha kula mchana na wenzake, na mimi ndiye niliyekuwa nakaa naye kumfariji. Nilimfariji, jamani. Nikamwambia wanaume ndivyo walivyo.

Nilianza kuandika ujumbe huu nikitaka kuwauliza, nifanye nini? Nikaufuta, nikauandika tena. Mara ya tatu nikagundua kwamba sitafuti ushauri. Natafuta mtu wa kuniambia ninyamaze. Nisingeshindwa kumpata, ninyi ni wengi.

Jumamosi nikapanda bodaboda hadi Heru Juu. Nilimkuta Baba Neema akipukuchua mahindi, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitaanza kujitetea. Hakunitukana. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi la mkononi likaisha.

"Hela ni hela, Mwalimu," akasema. "Lakini mke wangu aliniangalia kama mwizi, na wewe ulikuwepo."

"Nitazilipa, Baba."

"Hilo utapatana na mwenye hela. Mimi nataka useme palepale niliposimamishwa."

Jumapili nilikwenda kwa Mama Neema nikamwambia. Akanifungulia mlango nitoke. Jana Jumatatu, kwenye kikao cha walimu, nilimwomba mkuu wa shule nafasi. Baba Neema alikuja na shati lake la kanisani, akakaa kiti cha karibu na mlango, mbali na mkewe. Nilisimama, nikamtaja kwa majina yake matatu, nikasema mtu huyu hajaiba, nikaeleza ni nani aliyeandika jina kwenye ile plasta. Kisha nikatoka, nikaenda kituo cha polisi, nikatoa maelezo nikaweka sahihi.